Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, mbona mlima wake umechongoka?

Mwalimu wa jiografia wa kidato cha tatu, Moshi, ameuliza:

"Shikamoo mtaalamu. Kitabu tunachofundishia kinataja aina tatu za volkeno: ngao, koni ya majivu na koni ya tabaka. Kinasema lava nyepesi hujenga mlima uliolala, na lava nzito hujenga mlima wenye miteremko mikali. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: lava ya Nyiragongo ilishuka hadi Goma kwa kasi ya ajabu, mbona mlima wenyewe umechongoka? Mwingine akataka kujua Ngorongoro iwekwe kundi gani wakati haina hata kilele. Niliwaambia nitauliza kwa wanaojua. Na je, Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai ni aina moja kweli?"

Marahaba, Mwalimu. Wanafunzi wako wamegusa pale pale kitabu kinapopwaya. Yale makundi matatu si uongo, ila yamepangwa kwa kutazama umbo la mlima peke yake, na umbo ni matokeo tu. Yanayolileta ni mambo manne: magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, imeundwa na nini, imebeba gesi kiasi gani, imetokea kwenye tundu moja au kwenye mipasuko mingi, na imekutana na maji njiani au haikukutana nayo. Tena mlima ukishasimama hauachwi hivyo. Unaweza kuporomoka ubavu, kudidimia katikati, au kuliwa na mvua na barafu kwa miaka milioni. Kilimanjaro na Lengai zote mbili zitaandikwa "koni ya tabaka" kwenye karatasi ya mtihani, na mwanafunzi atapata alama yake, lakini kilichomo ndani ya milima hiyo miwili hakifanani.

Tuanzie chini kabisa. Wanafunzi wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto na volkeno ni shimo lililotoboka hadi huko. Sivyo. Mwamba ulio chini ya ukoko wa dunia ni mgumu, ijapokuwa kwenye kina joto lake linapita nyuzi 1,300 za Selsiasi. Haujayeyuka kwa sababu umebanwa na uzito wa mwamba ulio juu yake. Mbano ukipungua, sehemu ndogo ya mwamba huo huyeyuka, na hilo ndilo linalotokea kwetu: Bonde la Ufa linatanuka, ukoko unakuwa mwembamba, mwamba moto unapanda, na kiasi fulani kinageuka kimiminika. Japani, Indonesia na kwenye milima ya Andes sababu ni nyingine. Huko bamba, yaani kipande kikubwa cha ukoko, la sakafu ya bahari linazama chini ya bamba jingine likiwa na maji ndani ya madini yake. Maji hayo yakikamuliwa na joto, huufanya mwamba wa juu yake uyeyuke mapema kuliko kawaida. Ndiyo maana volkeno za huko zina mvuke mwingi na hulipuka vibaya, kama Krakatau mwaka 1883 na Pinatubo mwaka 1991. Vitabu vingi vya shule vimejengwa juu ya mifano ya huko, kisha Kilimanjaro ikachomekwa mwishoni. Hapo ndipo mkanganyiko wa darasani kwako ulipozaliwa.

Magma ikishapatikana, kinachoamua tabia yake ni silika, yaani silikoni na oksijeni zilizoshikana. Silika ikiwa nyingi, chembe zake hujifunga minyororo minyororo na kimiminika kinakuwa kizito. Ikiwa kidogo, kinatiririka. Basalti, aina moja ya lava, ina silika kama asilimia 50 na hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200. Riolaiti, aina nyingine, ina zaidi ya asilimia 70 na mara nyingi haifiki hata nyuzi 900. Wanafunzi wataelewa ukiwaambia ya kwanza ni uji na ya pili ni ugali. Gesi iliyomo ndani ya uji hupanda na kujitoa bila vurugu kubwa. Ndani ya ugali gesi inanaswa, inajaa shinikizo, hadi magma yote inapasuka vipande vipande ikiwa bado kwenye njia ya kutokea. Vipande hivyo vikisagika sana ndivyo tunaviita majivu, ingawa hakuna kitu kilichoungua hapo: ni unga wa kioo na mwamba. Majivu ya jikoni hayana uhusiano nayo, na ni vizuri kuwaambia wanafunzi wasije wakadhani ni masalio ya moto.

Volkeno ya ngao ndiyo rahisi kuieleza. Lava nyepesi inatoka mara nyingi, inasafiri mbali, inaganda katika matandiko membamba, na mlima unapanuka kuliko unavyorefuka. Wengi hutaja Mauna Loa ya Hawaii, na si vibaya, lakini tunao mfano jirani. Nyamulagira, iliyo Kivu ya Kaskazini nchini Kongo (DRC) kando tu ya Nyiragongo, ni ngao ya mita 3,058 na ni miongoni mwa volkeno zinazolipuka mara nyingi zaidi barani Afrika. Lava iliyotoka huko kati ya 1938 na 1940 ilikwenda zaidi ya kilomita 20 hadi ikaingia Ziwa Kivu. Mfano mwingine ni Karthala kwenye kisiwa cha Ngazidja, Komoro, wenye mita 2,361. Karthala nimeutaja makusudi. Watu husema ngao hazina milipuko, lakini mwaka 2005 Karthala ulitupa majivu juu ya vijiji na kuchafua matangi ya maji ya mvua ambayo wakazi wanayategemea. Magma ilikuwa ileile ya basalti. Tofauti ni kwamba safari hii ilikutana na maji kileleni, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke ndio uliofanya vurugu.

Sasa Nyiragongo. Huu ni mlima wa mita 3,470, na lava yake ina silika ndogo kuliko hata basalti, karibu asilimia 40 au chini ya hapo, pamoja na sodiamu na potasiamu nyingi. Magma ya namna hii hupatikana pale ambapo sehemu ndogo mno ya mwamba imeyeyuka kwenye kina kirefu. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima zilipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kasi yake miteremkoni inakadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa, kasi ambayo hakuna binadamu anayeweza kuikimbia kwa miguu. Kwa kanuni ya kitabu, mlima wenye lava hiyo ungepaswa kulala kuliko hata Nyamulagira.

Umechongoka kwa sababu ya njia ambazo lava hutumia kutoka. Kwa miaka mingi lava ya Nyiragongo inabaki ndani ya kreta, yaani shimo la kileleni, yenye upana wa zaidi ya kilomita moja, ikichemka na kupanda na kushuka humo humo. Ukitazama kuta za ndani utaona vibaraza vilivyozunguka, kila kimoja kikionyesha usawa ambao ziwa la lava liliwahi kufikia. Kinachofurika au kurushwa nje kinaganda karibu na mdomo, tabaka za lava zikipishana na za vipande, na hivyo ndivyo koni ya tabaka inavyojengwa. Ule mzigo mkubwa, ambao ungeweza kuutandaza mlima, haupitii kileleni hata kidogo. Unatokea chini, kwenye mipasuko ya ubavuni. Tarehe 17 Januari 2002 mipasuko ilifunguka upande wa kusini na kushuka hadi kukaribia mji. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege ya uwanja wa mji na kuingia ziwani, huku mamia ya maelfu ya watu wakikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Tarehe 22 Mei 2021 ilitokea tena kwa mtindo uleule, lava ikasimama kwenye viunga vya mji. Kwa hiyo mwanafunzi wako yuko sahihi na kitabu hakijakosea sana: lava nyepesi hutandaa kweli, ila ya Nyiragongo hutandaa mguuni mwa mlima. Goma ya leo sehemu kubwa imejengwa juu ya lava iliyoganda, na wajenzi wa huko hulipata jiwe la msingi uani.

Kabla sijauacha mkoa huo: kaboni dioksidi ya magma hizo haitoki kwa njia ya kreta peke yake. Huvuja ardhini na kujikusanya kwenye mabonde madogo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Wenyeji wa Goma huita maeneo hayo mazuku, na yameua mifugo na watu bila mlipuko wowote. Hili halimo kwenye mchoro wa aina tatu, na mimi ningeliweka kabla ya kitu kingine chochote kama ningekuwa nafundisha watoto wa Goma.

Koni za majivu hazihitaji maneno mengi. Lava yenye gesi inarushwa juu kwenye tundu moja, inaganda hewani, inaanguka vipande vyenye matundu matundu, na rundo linajipanga kwa mteremko wa kama nyuzi 30 ambao vipande vikavu vinaweza kuuhimili. Nyingi hulipuka mara moja maishani, kwa wiki au miezi, basi. Vilima vya Chyulu nchini Kenya ni mamia ya koni za aina hii zilizopangwa kufuata mipasuko. Mvua inayonyesha juu yake haitiririki, inazama kwenye vipande hivyo na lava yake yenye nyufa, kisha inaibuka chemchemi za Mzima, ambazo maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Kilimanjaro yenyewe ina koni ndogo kama 250 ubavuni. Na pale magma ilipokutana na maji ya ardhini, badala ya kilima linabaki shimo: mlipuko wa mvuke unachimba ardhi, ukingo mfupi wa vifusi unazunguka, maji yanajaa. Ziwa Katwe la Uganda, wanakochimba chumvi, ni shimo la namna hiyo.

Tuje kwenu Moshi. Kilimanjaro ni volkeno tatu zilizopandana, na si sahihi kuuchora kama koni moja yenye njia moja katikati. Shira ndiyo kongwe, ilianza takriban miaka milioni mbili na nusu iliyopita, ikadidimia katikati na sasa imebaki kama uwanda ambao wapandaji huupita njiani. Mawenzi, mita 5,149, ilifuata. Imeliwa na mmomonyoko hadi yamebaki magenge, na katika magenge hayo unaona kuta nyembamba za mwamba mgumu zikikatiza tabaka: hizo ni nyufa za zamani zilizojaa magma ikaganda humo. Mwanafunzi anayetaka kujua ndani ya volkeno kukoje aitazame Mawenzi, maana Kibo bado imejifunika. Kibo ndiyo changa, na kilele chake cha Uhuru, mita 5,895, ni sehemu ya ukingo wa kaldera, yaani shimo kubwa la kudidimia, yenye kipenyo kinachozidi kilomita mbili. Ndani ya kaldera hiyo kuna kreta nyingine, na ndani yake shimo lingine la majivu. Lava za Kibo zilibadilika kadiri muda ulivyokwenda: magma ilipokaa chini ikipoa, fuwele nzito zilijitenga, silika na sodiamu zikaongezeka kwenye kimiminika kilichobaki, na lava za baadaye zikawa nzito zaidi. Ndiyo maana sehemu za chini za Kilimanjaro zimetandaa kwa upole, na juu ya mita 4,000 mteremko unakaza. Upana wa ngao na wima wa koni vyote vimo kwenye mlima mmoja.

Meru hufundishwa kidogo mno kuliko unavyostahili. Ukiutazama kutoka Momella, upande wa mashariki hakuna ukuta, kuna umbo la kiatu cha farasi. Koni za tabaka zina udhaifu huo: tabaka ngumu za lava zimelala juu ya tabaka laini za majivu, gesi na maji moto vinaulainisha mwamba kuwa udongo, na mteremko ni mkali. Ubavu mzima wa Meru uliporomoka, mawe na tope vikasambaa upande wa Kilimanjaro, na maziwa ya Momella yako kwenye mashimo ya kifusi hicho. Baadaye koni mpya ya majivu iliota ndani ya ukumbi ulioachwa, chini ya ukuta unaozidi mita 1,000. Mlipuko wake mdogo wa mwisho ulikuwa mwaka 1910.

Na Ngorongoro? Ni volkeno kamili, ila imepoteza paa. Ilikuwa mlima mkubwa, na chini yake kulikuwa na chumba cha magma. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita magma nyingi ilitoka kwa muda mfupi, paa la chumba likakosa cha kulishikilia, likazama. Hapa naomba usisitize darasani: kilele cha Ngorongoro hakikurushwa angani. Kilizama ndani. Shimo la mlipuko kwa kawaida lina mamia ya mita au kilomita moja hivi, na jina lake ni kreta. Shimo la kudidimia linaweza kuwa na kilomita nyingi, na hilo ni kaldera. Ngorongoro, yenye upana wa karibu kilomita 19, kina cha mita 600 na sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi, ni kaldera, hata kama vibao vyote vya watalii vinaiita kreta. Menengai juu ya Nakuru ni ya ukoo huo, na bado ina joto la kutosha chini yake kiasi kwamba Kenya imechimba visima vya mvuke kwa ajili ya umeme. Kaldera haifai kuwekwa kama aina ya nne sambamba na zile tatu. Ni jambo linaloweza kuipata volkeno ya aina yoyote: Nyamulagira, ambayo ni ngao, nayo inayo kileleni.

Lengai nimeuacha mwisho kwa sababu hakuna volkeno nyingine hai duniani inayotoa lava yake. Mwanajiolojia J. B. Dawson alipoieleza kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa habari ngeni kwa fani nzima. Lava hiyo haina silika karibu kabisa. Ni kabonati za sodiamu, potasiamu na kalsiamu, hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, haing'ai mchana, nyeusi au ya kahawia, na hukimbia kuliko lava nyingine yoyote. Ikipata unyevu wa hewa inabadilika kikemikali na kuwa nyeupe ndani ya saa au siku chache, na hapo watu walio bondeni hudhani wanaona theluji. Mojawapo ya madini yake limepewa jina la Mwalimu Nyerere: nyerereiti. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba magma ya chini, yenye silika kidogo na kaboni dioksidi nyingi, hufika mahali ikagawanyika kuwa vimiminika viwili visivyochanganyika, kimoja cha silikati, yaani chenye silika, na kimoja cha kabonati.

Lakini mlima wenyewe, mita 2,962 za mteremko mkali, haukujengwa na lava hiyo nyepesi. Mwili wake mkubwa ni majivu na vipande vya magma ya silikati kutoka milipuko ya zamani, na lava ya kabonati ni kama rangi iliyopakwa juu. Mwaka 2007 hilo lilionekana wazi. Julai kulikuwa na matetemeko upande wa Ziwa Natron na mlima Gelai, moja lilisikika hadi Nairobi. Septemba, Lengai, ambao kwa miaka ulikuwa unavuja lava taratibu hadi kreta ikajaa na kufurika, ukaanza kulipuka na kutupa majivu, wafugaji wakalazimika kuhamisha mifugo. Magma mpya ya silikati ilikuwa imepanda na kuchanganyika na ile ya kabonati, kaboni dioksidi ikafumuka kwa wingi. Ilipotulia mwaka uliofuata, kreta iliyokuwa imejaa ilikuwa imegeuka shimo refu lililozungukwa na ukingo wa majivu, na huko chini lava nyepesi ikaanza tena kuvuja. Mlima haukubadilika aina. Ulionyesha tabia zake mbili ndani ya mwaka mmoja.

Kwa mtihani, waache waandike koni ya tabaka kwa Kilimanjaro, Meru, Lengai na Nyiragongo, ngao kwa Nyamulagira na Karthala, kaldera kwa Ngorongoro. Lakini chini ya kila jina waongeze mstari mmoja: kilichotoka ni nini, na kilitokea wapi. Ukipata gari la shule, wapeleke Ziwa Chala kwanza, wakaone shimo la volkeno lililojaa maji. Njiani simameni kwenye machimbo yoyote ya kifusi chekundu cha barabara upande wa Rombo au Himo, kwa idhini ya mwenye machimbo. Ukuta uliokatwa ni koni ya majivu iliyopasuliwa katikati. Wapime ukubwa wa vipande kuanzia juu hadi chini, kila tabaka, na waandike ni wapi vinakuwa vikubwa ghafla: hapo mlipuko uliongeza nguvu.